Mkono wa Katibu

Hospitalini pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wagonjwa walimwita Sista Spiriti, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kumimina spiriti kwenye kidonda, na mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi. Mtu akilia humwambia, "Lia upendavyo, lakini mguu usiutikise." Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi chumba cha majeruhi, kile cha mwisho kwenye korido, chenye vitanda vitatu, sinki linalovuja, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe ili wapita njia wasichungulie.

Enzi zile ungemuuliza habari za siasa angekushangaa. Kwao chama kilikuwa nyumbani. Baba yake alikuwa mwenyekiti wa tawi mpaka siku aliyofariki, na vikao vilifanyikia sebuleni, watoto wakipanga viti na kupitisha maji ya kunywa. Baba alipoondoka, kaka yake mkubwa alirithi uongozi. Akawa katibu wa tawi, mtaa mzima ukamwita Katibu, na hata mama yao mzazi akaanza kumwita hivyo hivyo. Yeye alirithi imani. Serikali ni mzazi, alisema, na mzazi hachapi bila sababu. "Ukiona mtu kapigwa na askari," aliwaambia wenzake wakinywa chai, "muulize kwanza alikuwa anatafuta nini huko."

Imani hiyo ilianza kupata ufa kwa sababu ya mifupa.

Kazi ile humfundisha mtu kusoma. Aliyeanguka huchubuka viganja, magoti na kidevu. Aliyepigwa huvunjika mkono chini ya kiwiko, mfupa wa upande wa kidole kidogo, kwa kuwa aliuinua mkono kukinga kichwa. Sista Spiriti aliyajua hayo kutoka kwa wake za watu. Mwanamke akiingia na mumewe nyuma yake, mume akasema, "Kateleza bafuni," yeye aliutazama mkono, akamtazama mume, kisha akasema, "Bafu lako lina ngumi, baba. Subiri nje." Hakuna mume aliyerudia kubishana naye.

Kwa wake za watu alikuwa na macho mawili, kwa chama akafumba yote. Uchaguzi mkuu mmoja waliletwa watu kumi na mmoja kutoka mkutano wa wapinzani, na saba kati yao walikuwa wamevunjika mkono wa kushoto, mahali palepale. Redio ikatangaza kwamba walikanyagana. Jioni kaka yake alipita nyumbani, akasema, "Hao watu hata kukimbia hawajui." Wakacheka pamoja. Lakini alipokuwa akiosha vyombo, mikono yake ilisita ndani ya maji. Watu saba wakanyagane, na wote wavunjike mkono ule ule? Akajijibu kwamba yeye si daktari, akasuuza sahani.

Kisha ikaja amri ya fomu. Majeruhi yeyote wa vurugu asiguswe mpaka alete fomu ya polisi. Karatasi ya amri ilibandikwa mlangoni, na aliyeibandika ni yeye mwenyewe, kwa plasta ya hospitali.

Wiki ya tatu akaja mama mmoja muuza mitumba, ameshika ubavu wa kushoto, midomo imepauka. Askari walikuwa wakiwafukuza wachuuzi barabarani, na mmoja wao alimpiga kwa kitako cha bunduki.

"Fomu iko wapi?" Sista Spiriti akauliza.

"Sista, nitapewaje fomu na watu wale wale walionipiga?"

"Sheria ni sheria, mama. Kituo si mbali."

Yule mama akainuka, akaenda. Baada ya saa mbili alirudishwa kwa toroli, amefunikwa kitenge chake mwenyewe, na mkononi amebana fomu iliyopigwa muhuri vizuri kabisa. Bandama lilikuwa limepasuka. Damu ilimvujia tumboni kimyakimya huku amekaa kwenye benchi la polisi akisubiri zamu yake. Sista Spiriti alimwandika kwenye kitabu cha maiti kwa mkono wake, na kalamu ilimkwama mara mbili kwenye tarehe.

Kesho yake aliibandua ile amri. Msimamizi akaibandika. Akaibandua tena. Tangu siku hiyo hakukanyaga kikao cha tawi, akisingizia zamu. Kadi yake ya chama aliiweka kabatini chini ya mataulo. Hakuichana, maana kuichana ni kusema jambo, na bado hakuwa tayari kusema. Ila kaka yake alipokuja na soga zake za chama, alinyanyuka akatafuta kazi jikoni. Katibu hakuwa mjinga.

"Mama," alisema siku moja, kwa sauti ya kusikika jikoni, "huyu mtoto wako dawa zimempanda kichwani."

"Afadhali dawa," akajibiwa kutoka jikoni.

Mama yao akasema, "Acheni hayo," na hayo yakaachwa, lakini hayakuisha.

Mwaka huo diwani akafa, ukatangazwa uchaguzi mdogo. Jumamosi wapinzani walifanya mkutano uwanja wa stendi, na kufikia saa tisa alasiri vitanda vyote vitatu vilikuwa vimejaa. Wa mwisho kuletwa alikuwa fundi viatu, yule aliyekaa mkabala na lango la hospitali. Manesi wote walimfahamu. Alikuwa mtu mpole, ambaye ukimlaumu kwamba soli imeachia huomba radhi yeye badala ya gundi. Mkewe alimshikilia kiunoni. Taya lilikuwa limevimba kama amebana embe, jino moja la mbele, la chini, limekatika nusu, na mkono wa kushoto umepinda chini ya kiwiko.

"Nimeanguka," akasema kwa shida.

Daktari wa zamu, kijana aliyemaliza chuo mwaka uliopita, alikuwa tayari anaandika: ameanguka.

"Daktari," akasema Sista Spiriti, "andika unachokiona."

"Mgonjwa mwenyewe kasema."

"Umesoma miaka mingapi ili uandike anachosema mgonjwa? Kwa hilo tungeajiri karani."

Daktari akaiweka kalamu chini. Hakuwa na hasira, alikuwa na woga, na woga wake ulikuwa na meno. "Sista, mimi nina mkataba wa miezi sita. Wewe una kaka. Kwa hiyo usinifundishe ushujaa."

Neno lile lilimchoma kuliko tusi, kwa sababu lilikuwa kweli. Kwa muda wote ule alidhani wenzake wanamwogopa kwa ulimi wake. Kumbe wanamwogopa kwa ndugu yake. Akaichukua kadi ya fundi, na pale chini panapoandika nesi, akaandika: Mkono umevunjika kwa kujikinga. Jino limekatwa kwa pigo, kipande hakikuonekana mdomoni. Akatia sahihi. Fomu ya polisi hakuiuliza.

Mkewe alipotoka kutafuta maji, fundi akamwita kwa jicho. "Sista, mtu aliyenipiga..."

"Usiniambie," akamkatiza. "Mimi nafunga tu."

Hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini alimkatiza kwa ukali namna ile.

Jumatatu asubuhi, kabla foleni haijapangwa, Katibu alisukuma mlango wa chumba cha majeruhi bila kubisha. Amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono, na mkono wa kulia umezungushiwa leso. Alitoa jasho wakati hewa ilikuwa ya baridi.

"Nifunge haraka, mdogo wangu. Nina kikao saa mbili."

"Shikamoo, kaka," akasema yeye kwa sauti kavu, akavaa glovu. "Umefanya nini?"

"Mlango wa gari umenibana."

Akaifungua leso. Harufu ilitangulia. Fundo la kidole kidogo lilikuwa limebonyea ndani, mkono umevimba mpaka ngozi inang'aa, na juu ya fundo kulikuwa na mipasuko miwili midogo iliyopinda kama mwezi mchanga, inatoa usaha. Mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda kuelekea kiwiko. Sista Spiriti aliutazama mstari ule kwanza, kwa kuwa ndio uliokuwa na haraka. Kisha akaitazama ile mipasuko.

"Mlango wa gari lini?"

"Jana."

"Huu usaha ni wa siku mbili, kaka. Wa Jumamosi."

"Jumamosi basi. Wewe ni nesi au hakimu?"

Sista Spiriti alimwaga dawa ya kuoshea, akaukandamiza mkono kwenye sahani ya chuma, akauchunguza mpasuko kwa koleo ndogo. Katibu aliuma meno, akatukana. Ncha ya koleo ikagusa kitu kigumu. Akakibana, akakivuta polepole, akakiangusha kwenye sahani. Kililia kwenye chuma.

Wote wawili wakakitazama.

"Kioo," akasema Katibu. "Kioo cha gari."

Sista Spiriti alikigeuza kwa ncha ya koleo. Kilikuwa kipande kidogo, cheupe, chenye doa jeusi la kutoboka pembeni.

"Tangu lini kioo kikaoza?" akauliza.

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye korido. Katibu alipofungua tena mdomo, sauti yake ilikuwa ya chini, ile aliyoitumia kwenye vikao wageni wakishatoka.

"Sikiliza. Andika mlango. Kwenye kadi ya yule fundi, wewe uliandika upuuzi. Nimeshaambiwa. Leo kabla ya saa sita karatasi ile ibadilishwe."

"Kumbe unajua kwamba ni fundi."

"Najua yote. Wale watu walitaka kuichoma stendi."

"Yule? Yule mtu akitobolewa na sindano yake mwenyewe huiomba radhi sindano!"

"Alikuwa na bendera!"

"Na jino alikuwa nalo," akasema, "na kipande chake kimetoka mkononi mwako."

Katibu akainuka. Yeye akamshika bega akamkalisha, kwa nguvu zile zile za kuwakalisha walevi. "Kaa. Utaondoka hapa ukiwa umepona, au utaondoka bila mkono. Kinywa cha binadamu kina uchafu kuliko choo cha stendi. Uchafu huo umeingia kwenye kiungo. Hii si kazi ya bendeji, ni kazi ya upasuaji, na ni leo."

"Nina kampeni!"

"Mficha maradhi, kaka. Malizia mwenyewe."

Akaichukua kadi mpya, akaandika mbele ya macho yake, kwa herufi kubwa kama anavyoandikia wanafunzi: Jeraha la ngumi lililogonga meno ya mtu. Kipande cha jino kimetolewa. Akatia sahihi na saa.

"Ichane hiyo," akasema Katibu.

"Ukiichana nitaandika nyingine. Kadi tunazo nyingi kuliko dawa."

"Nilikupa kazi hii. Umesahau nani alikwenda kwa mganga mkuu ukiwa huna hata viatu vya kazi?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nakuosha vizuri."

Na kweli alimwosha vizuri. Hakupunguza ganzi, hakuongeza maumivu, ingawa shetani alimshauri. Alimpa dawa ya kuchoma mshipani kwa kipimo kile kile alichompa fundi viatu, akamsukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha upasuaji.

Sasa, hospitali ile ilikuwa na wodi moja tu ya wanaume. Fundi viatu alilazwa humo, taya limefungwa kwa waya, akisubiri kupigwa picha nyingine. Alasiri walipomtoa Katibu upasuaji, walimlaza kitanda cha pili kutoka cha fundi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kitupu. Sista Spiriti hakukipanga. Baadaye alilaumiwa kwamba alikipanga, na hakujitetea.

Fundi alimtazama Katibu. Akautazama ule mkono ulioning'inizwa kwenye chuma, umeviringishwa bendeji kama mtoto mchanga. Hakuweza kufungua kinywa, na hata angeweza huenda asingesema. Alivuta shuka mpaka kwenye macho. Mkewe ndiye aliyesimama, akiwa na bakuli la uji mkononi.

"Mkono huo naujua," akasema.

Wodi nzima ikageuka. Mgonjwa wa ngiri akaacha kulalamika.

"Naujua! Ulikuwa na pete ya rangi ya chama kwenye kidole cha pili. Mume wangu alikuwa ameshapiga magoti. Alikuwa amesema basi, yaishe. Huyu akamshika ukosi kwa mkono mmoja, akampiga kwa mwingine!" Akamgeukia Sista Spiriti aliyekuwa mlangoni. "Na wewe, si ndugu yako huyu? Mmetuweka chumba kimoja ili atumalize?"

"Mama, kaa chini," akasema Sista Spiriti. Sauti yake haikuwa na nguvu.

"Sikai. Pete iko wapi? Mmemvua?"

Pete ilikuwa kwenye bahasha, mfukoni mwa sare yake, ilivyo kawaida kwa vitu vya mgonjwa wa upasuaji. Angeweza kunyamaza. Aliitoa bahasha, akaifungua juu ya kabati dogo kando ya kitanda cha kaka yake, mahali pa kila mgonjwa kuwekewa mali yake, na watu wote wakaiona pete ikibiringika. Katibu, aliyekuwa ameanza kuzinduka kutoka usingizi wa dawa, alimtazama kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo, hata walipokuwa wadogo wakipigana.

"Wewe si mtoto wa baba," akasema.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Aliishi na mama yao, vyumba viwili na sebule ile ile ya vikao. Mama alikuwa amekaa chini ya picha ya marehemu, mikono mapajani.

"Umemvua nguo ndugu yako mbele ya wodi nzima."

"Sikumtaja, mama. Mwenye mume ndiye aliyemtaja."

"Uliweka pete."

"Niliweka."

"Kwa nini?"

Alitaka kusema habari za yule muuza mitumba. Alianza, "Mama, kuna mtu nilimrudisha akiwa na..." lakini mama yake alinyanyua kiganja.

"Mimi sitaki habari za watu wako wa vidonda. Kila siku vidonda! Nyumba hii imekula, imesoma, imezika, kwa chama. Hata hiyo sare uliivaa kwa chama. Undugu ni kufaana."

"Na kuua je, mama? Nako ni kufaana?"

"Fundi viatu hajafa."

"Wengine walikufa. Mmoja nilimuua mimi, kwa karatasi."

Mama yake alimtazama kama mtu anayezungumza lugha ya kigeni. Kisha akapiga simu aletewe gari, na kabla ya magharibi alikuwa amehamia kwa Katibu na sanduku moja na picha ya baba. Ukutani palibaki alama ya mraba, nyeupe kuliko rangi nyingine.

Barua ya uhamisho ilitoka Ijumaa. Zahanati ya mwisho wa barabara ya lami, chumba kimoja, hakuna kitanda. Daktari wa zamu ndiye aliyemkabidhi, akaongeza, bila kumtazama, "Kadi zote mbili hazionekani masjala." Chama kilishinda ule uchaguzi mdogo. Katibu alipona, ila kidole kidogo na cha jirani yake havikukunjika tena.

Fundi viatu hakunyamaza, au tuseme mkewe hakunyamaza. Kesi ilifunguliwa, ikaahirishwa mara nne, na ya tano Sista Spiriti akaitwa shahidi. Alieleza alichokiona: mkono, mipasuko, kipande cha jino. Wakili wa Katibu, mtu nadhifu mwenye sauti ya upole, akamuuliza, "Ni kweli umejiunga na upinzani?"

"Si kweli."

"Basi ni chama gani kilichokutuma?"

"Nimekaa chumba cha majeruhi miaka kumi na tisa. Ulitaka nitumwe na nani zaidi?"

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Mwisho wa yote kesi ilifutwa, kwa sababu kadi hazikuwapo na neno la nesi mwenye ugomvi wa kifamilia halikutosha. Nje ya mahakama mke wa fundi alimpita bila kumsalimu. Sista Spiriti hakumlaumu.

Wapinzani nao walimfuata zahanati, watatu, na kofia mpya kwenye mfuko. Walimwita shujaa. Walitaka asimame nao jukwaani, aeleze.

"Siku ile ya stendi," akawauliza akiendelea kuchemsha vyombo, "kuna mlinzi wa chama tawala alipasuliwa kichwa kwa jiwe. Nilimshona nyuzi kumi na nne. Nani alirusha?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Dada, katika mapambano..."

"Leteni kwanza mikono ya vijana wenu niikague. Halafu tuzungumze habari za kofia."

Hawakurudi. Uchaguzi mkuu ulipofika alipanga foleni kama wengine, akapiga kura kinyume na sebule aliyokulia, kwa mara ya kwanza maishani. Alitoka nje bila furaha yoyote. Aliowapigia hakuwaamini. Aliwapigia kwa kuwa walioko madarakani wamekaa mno, na alishajua kinachotokea mkono ukikaa mno bila mtu wa kuuliza ulikuwa wapi.

Mwaka uliofuata mama yake alipata kidonda mguuni, cha kisukari. Hospitali kubwa ilikuwa na mgomo, hivyo hapakuwa na pengine. Katibu alimleta kwa gari, akabaki amesimama nje ya mlango wa zahanati, mkono mbovu mfukoni, mgongo kaupa chumba.

Mama aliingia akichechemea, akaketi, akanyoosha mguu. Hakuitikia shikamoo. Sista Spiriti alipiga magoti, akafungua kitambaa, akaanza kuosha. Kidonda kilikuwa kirefu lakini kisafi, cha kupona kikipata mtu. Alifanya kazi nusu saa nzima. Mara moja tu mama alivuta pumzi kwa maumivu, na mara hiyo yeye alisimamisha mkono, akangoja, kisha akaendelea.

Alipomaliza, mama alitazama mlango, si yeye.

"Katibu," akaita, "muulize nesi nirudi lini."

Katibu hakugeuka. Sista Spiriti alivua glovu, akaandika tarehe kwenye kadi, akaiweka mapajani mwa mama yake.

"Alhamisi," akasema. "Aje asubuhi, kabla ya foleni."

Alhamisi walikuja.